Anania Hakusema Neno

Somo: Matendo ya Mitume 4:36 hadi 5:11, na 1 Samweli 25



Tunaendelea na mafundisho yetu juu ya nyumba ya Mkristo. Leo twende mahali ambapo wengi wetu hatupendi kuguswa, yaani mfukoni. Swali la leo ni moja tu, na washirika wameniuliza kwa njia nyingi, wazee na akina mama pia: Je, mtu akinyamaza, amedanganya? "Pastor, mimi sijawahi kumwambia bibi yangu uongo. Yeye hakuuliza, na mimi sikusema. Dhambi iko wapi hapo?"

Hilo si swali la kuchekea. Mtu anayeuliza hivyo anataka kujua mpaka wa uongo uko wapi. Tukimjibu haraka haraka, "ndiyo ni dhambi, tubu," tutakuwa hatujamsaidia, kwa sababu kuna mambo mengi ambayo sisi sote hatuyasemi na hatutendi dhambi. Kwa hivyo hebu tulichukue polepole.

Tuseme hivi. Huu ni mfano, tafadhali usigeuze shingo kutafuta ni nani. Baba amevuna mahindi. Ni mwezi wa Desemba, mahindi yamekauka, broka amekuja na lori na kuchukua gunia arobaini. Mama alikuwa amepeleka maziwa, hakuona likipakiwa. Jioni baba anaweka pesa mezani, ya gunia ishirini na tano, halafu anasema, "Haya mama, tupange." Basi. Hakutaja gunia ngapi. Hakutaja bei. Mama anavuta kalamu: fungu la kumi kwanza, halafu karo ya Januari, mbolea ya Machi, deni la agroveti. Pesa haitoshi. Mama anasema, "Basi mimi nitaacha ile matibabu ya meno mpaka mwaka ujao." Baba anatikisa kichwa kwa huruma, na anamwambia ni sawa, Mungu atafungua njia.

Pesa ya gunia kumi na tano iko kwa simu yake. Labda ameiweka kununua kiploti mjini, na nia yake ni nzuri kabisa. Lakini je, amedanganya? Mdomo wake haukutoa uongo wowote.

MKONO UNAOZUNGUMZA

Sasa fungua Matendo sura ya 5. Tumehubiri habari ya Anania na Safira mara nyingi, hasa wakati wa kutoa sadaka. Lakini soma tena na uhesabu maneno ya Anania. Hakuna hata moja! Petro anaongea, Anania anasikia, Anania anaanguka. Biblia haikuandika neno lolote kutoka kinywani mwake. Aliuza mali, akazuia sehemu ya thamani yake, akaleta iliyobaki akaiweka miguuni pa mitume. Ni hayo tu aliyofanya. Na Petro anamwambia kwamba amemdanganya Roho Mtakatifu.

Kwa hivyo jibu la kwanza tumelipata. Uongo hauhitaji mdomo. Mkono unaweza kusema. Ile namna Anania alivyoweka pesa, mahali alipoiweka, watu waliokuwa wakitazama, na ile shukrani Barnaba alikuwa amepata kabla yake kwa kuuza shamba lake na kuleta pesa, vyote vilisema, "Hii ndiyo pesa yote." Alijua watu wangeelewa hivyo. Alitaka waelewe hivyo.

Lakini usikimbie bado, kwa maana Petro alisema jambo lingine ambalo wahubiri tunaliruka. Alimkumbusha Anania kwamba kabla ya kuuza ile mali ilikuwa yake, na hata baada ya kuuza, pesa ilikuwa katika uwezo wake. Maana yake ni nini? Anania angeweza kuleta nusu na kusema, "Mitume, hii ni nusu, ile nyingine tumebaki nayo, tuna mahitaji." Hakuna mtu angemgusa. Angeweza kutoleta kitu kabisa na bado akale chakula cha Bwana pamoja na wengine. Dhambi haikuwa kubaki na pesa. Dhambi ilikuwa ni kuweka picha ya uongo ndani ya kichwa cha mwingine, halafu kufaidika na hiyo picha.

Hapo ndipo naona mpaka ulipo. Kutosema ni jambo moja, na kumwacha mwenzako akitembea ndani ya picha ambayo wewe unajua si ya kweli ni jambo lingine. Jiulize maswali mawili. La kwanza: je, kuna kitu mwenzangu anaamini ambacho mimi najua si kweli? La pili: je, ninanufaika akiendelea kukiamini? Kama jibu ni ndiyo na ndiyo, ndugu yangu, umeshasema uongo hata kama hukufungua mdomo. Yule baba wa gunia kumi na tano alitikisa kichwa mke wake alipoahirisha matibabu ya meno. Pale ndipo uongo ulikamilika. Aliruhusu mwili wa mwingine ulipe bei ya ukimya wake.

KWA NINI BIBI NA SI JIRANI?

Mtu anaweza kuniuliza, "Pastor, jirani yangu pia hajui salio langu la benki. Mbona yeye simkosei?" Ni swali zuri. Jirani hapangi maisha yake juu ya salio lako. Mke au mume anapanga. Kila jambo analoamua, kutoka karo mpaka kiberiti, ameliweka juu ya kile unachomwonyesha. Mwanzo 2:24 inafundisha kwamba mume na mke wanakuwa mwili mmoja. Na Paulo katika 1 Wakorintho 7:4 anakwenda mbali zaidi, anafundisha kwamba mume hana mamlaka juu ya mwili wake peke yake, wala mke juu ya wake. Sasa kama hata mwili wangu si wangu peke yangu, inawezekanaje namba ya siri ya M-Pesa iwe takatifu kuliko mwili?

Wale tuliosomea biashara tulifundishwa kwamba wabia wawili katika duka wana wajibu wa kuonyeshana vitabu. Mbia mmoja akificha mauzo, huyo anaitwa mwizi hata kama duka ni lake nusu. Lakini ndoa si ubia wa duka. Katika ubia, kila mtu analinda hisa yake, na siku mkikosana mnagawana mnaenda. Katika ndoa ulitoa nafsi yako yote mbele ya Mungu na watu. Sasa ikiwa mbia wa duka anastahili kuona kitabu, mwili wako mwenyewe unastahili nini?

Sheria ya nchi pia imejaribu kusaidia hapa. Katiba ya 2010, kifungu cha 45(3), inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa na hata ikivunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mmoja katika ndoa ya mke mmoja kuuza, kukodisha, kuweka rehani au hata kutoa zawadi mali ya ndoa bila mwenzake kukubali. Na sheria hiyo inatambua kwamba kupika, kulea watoto na kulima shamba ni mchango, si pesa tu. Akina mama wa Ainabkoi wanaoamka saa kumi kukamua kabla ya gari la maziwa kupita wanajua mchango ni nini.

Lakini angalia mahali sheria inapoishia. Inashika hati ya shamba. Haishiki gunia kumi na tano, haishiki Fuliza ya usiku, haishiki pesa iliyotumwa na kufutwa ujumbe. Tena, tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa mume na mke haumaanishi kila mtu anachukua nusu moja kwa moja ndoa ikivunjika. Kila mmoja lazima aonyeshe alichangia nini. Mimi si wakili, na sipingi mahakama. Lakini nataka uone kwamba mahakama inaanza kuhesabu wakati nyumba imeshaanguka. Watu waliolala kitanda kimoja miaka ishirini wanasimama mbele ya hakimu na risiti. Imani inatuita tuhesabu pamoja kila mwezi, tukiwa bado tunapendana, ili tusije tukahesabiwa na mtu mwingine siku tukiwa maadui.

Na hii si habari ya Wazungu, kama wengine wanavyopenda kusema. Kwetu sisi Wakalenjin, ndoa ilianza hadharani. Siku ya koito familia mbili zilikaa chini, ng'ombe wakatajwa mbele ya wazee, na kila mtu akajua. Hata katika nyumba za wake wengi, ng'ombe wa nyumba ya mama mmoja walijulikana, na mzee hakuwachukua tu kuwapeleka nyumba nyingine bila maneno. Sitaki kusema mambo ya zamani yote yalikuwa mazuri. Nasema tu kwamba huu usiri wa simu ni mgeni. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mwanaume anaweza kuuza ng'ombe, kulipa deni, kukopa na kuliwa na kamari, yote akiwa amekaa kwa kiti chake karibu na jiko, na mke wake akimkaribisha chai.

"MWANAUME LAZIMA AWE NA KITU CHAKE"

Nimesikia neno hili mara nyingi kwa wazee wetu na sitalidharau. Lina ukweli ndani yake. Wazee wa zamani hawakuweka ng'ombe wote katika boma moja. Walipeana kwa marafiki mbali, ili ugonjwa au wavamizi wakija wasimalize wote. Huo ulikuwa usimamizi wa hatari, tena mzuri. Vile vile si lazima kila shilingi ya nyumba ijadiliwe. Mume akiwa na pesa yake ya kunyoa na ya chai, mke akiwa na yake ya salon na ya chama, hiyo ni amani. Mke asiyejua kila kitu anaweza kuwa na furaha kabisa, mradi alikubali.

Neno lenye uzito hapo ni kukubali. Mke wangu anajua kwamba kuna mambo ya washirika yanayoletwa ofisini ambayo sitamwambia kamwe. Hajui ni mambo gani, lakini anajua yapo, na alikubali niyatunze, kwa sababu siri ya mtu mwingine si yangu kuigawa. Hapo sijamwekea picha ya uongo. Anajua kuna chumba, na anajua mlango wake umefungwa kwa nini. Shida inakuja wakati mwenzako anadhani nyumba ina vyumba vitatu, na wewe umejenga cha nne nyuma.

Kwa hivyo, ndugu, kuwa na kitu chako. Lakini kiwepo kwa ruhusa. "Mama, kila tukiuza mahindi nitabaki na kiasi hiki, usiniulize." Akisema sawa, kula kwa amani.

Wala tusiwaseme wanaume peke yao. Kuna mama aliyekopa katika chama cha kwanza, akakopa cha pili kulipa cha kwanza, na cha tatu kulipa cha pili. Mume anajua habari siku akina mama wanapokuja na bodaboda kuchukua televisheni, na yeye amekaa akiitazama. Huyo mume naye ameishi ndani ya picha ya uongo. Aibu yake haina tofauti na ya yule mama aliyepata habari kwa mpima ardhi kwamba nusu ya shamba imeuzwa.

ABIGAILI ALINYAMAZA PIA

Sasa tuje kwenye kesi ngumu. Kuna dada ananisoma sasa hivi na roho yake imesumbuka. Anasema, "Mimi naficha. Kila Ijumaa natoa kidogo kwa pesa ya maziwa naweka kwa dada yangu. Kwa sababu nikiiacha ndani, inaenda kwa pombe, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo. Je, mimi ni Safira?"

Dada, soma 1 Samweli 25. Nabali wa Maoni alikuwa tajiri, mwenye kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja, na alikuwa mtu mgumu. Aliwatukana watu wa Daudi, na Daudi akafunga upanga kuja kuangamiza kila mwanamume wa boma lile. Mke wake, Abigaili, akachukua mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotayarishwa, bisi, zabibu na tini, akapakia punda akaenda kumkuta Daudi njiani. Na Biblia inatuambia wazi kwamba hakumjulisha mume wake. Huyo ni mwanamke wa Mungu, ameficha mali ya nyumba, na Daudi anambariki kwa busara yake.

Tofauti ya Abigaili na Safira ni ipi? Naona mambo matatu.

Kwanza, Abigaili alitoa mali ili kuokoa nyumba yote, hata Nabali mwenyewe. Hakujijengea maisha mengine pembeni. Kama pesa unayoficha ni ya karo na unga, na kila mtu pale nyumbani anakula matunda yake pamoja na yule mlevi, wewe unaokoa. Kama ni ya kujitayarishia njia ya kutoroka kwa sababu tu umechoka, hiyo ni habari nyingine, na tuongee.

Pili, alibeba hatari mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya watu wenye silaha na akasema lawama iwe juu yake. Safira alijificha nyuma ya mpango.

Tatu, na hili tunalisahau, alimwambia. Alirudi akakuta Nabali anafanya karamu kama ya mfalme, amelewa sana. Hakumwambia neno usiku ule. Akangoja kupambazuke, divai imtoke, ndipo akamweleza yote. Ukimya wa Abigaili ulikuwa na mwisho. Ulikuwa ukimya wa kungoja asubuhi.

Najua kilichomfuata Nabali baada ya kusikia, nawe usikitumie kama maombi ya vita dhidi ya bwana wako! Ninachosema ni kwamba kuficha ili kuokoa kunaweza kuwa haki, lakini kusiwe makao. Kutafute asubuhi. Na kama kwako asubuhi haiji, kama ukisema ukweli utapigwa, usiseme peke yako. Hakuna mstari unaokuamuru ujipeleke kwenye kipigo. Njoo kwa mchungaji, kwa wazee wa familia, kwa chifu, kwa polisi ikibidi. Mahali penye kipigo, kazi ya kwanza ni usalama wako na watoto; mazungumzo ya pesa yatangoja.

NYUMBA INAYOKUBALIANA VIBAYA

Mpaka hapa tumeongea kana kwamba mume na mke wakifunguliana vitabu, kazi imekwisha. Lakini ona maajabu ya Matendo 5. Anania na Safira walikuwa wameelewana kabisa! Mke alijua bei. Mke alijua kilichozuiwa. Ukitafuta ndoa yenye uwazi wa pesa katika kitabu cha Matendo, hii hapa. Na wakazikwa siku moja.

Kwa hivyo umoja wa nyumba si mwisho wa jambo. Nyumba mbili zinaweza kuwa na uwazi sawa ndani, moja ikawa baraka kwa jamii na nyingine mtego. Kuna watu wanakubaliana usiku kwamba wataahidi elfu ishirini kwa harambee ya jirani mgonjwa ili jina lisomwe, na wanajua hawatatoa. Kuna wanaokubaliana kukodisha shamba moja kwa watu wawili msimu mmoja. Kuna wanaomwomba rafiki awadhamini kwa Sacco, wakijua kwamba mwezi wa tatu yeye ndiye atakatwa mshahara.

Sisi tunaoishi upande huu, kutoka Timboroa kuteremka Burnt Forest mpaka hapa Ainabkoi, tunajua zaidi ya wengine kwamba uaminifu wa jirani si kitu kidogo. Tulipita mwaka 1992. Tulipita mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Watu wa lugha tofauti waliokuwa wakiazimana chumvi waliogopana. Uaminifu ukarudi, na haukurudi kwa mikutano peke yake. Ulirudi kwa vitu vidogo: mtu akachukua viazi vya jirani kwa mkopo akalipa siku aliyosema, mtu akakodisha ekari mbili kwa neno la mdomo na mwenye shamba akaliheshimu. Sasa nyumba ya waliookoka ikimkodisha mtu wa kabila lingine shamba ambalo imeshampa mwingine, hiyo si kesi ya elfu kumi. Atasema, "Hawa watu ndivyo walivyo." Nyumba moja imekula pesa, na jina la jamii nzima, na la Kristo, limelipa.

Na hapa naomba tujiangalie kama kanisa. Ni kitu gani kilimsukuma Anania? Barnaba alikuwa ametoa na kila mtu akajua. Kanisa likisoma majina na kiasi cha pesa kwa kipaza sauti, aliyetoa nyingi apigiwe makofi na aliyetoa mia apite kimya, tutakuwa tunawapenda watu kwa mizani, na tusishangae wakianza kuchezea mizani. Vivyo hivyo na arusi. Kijana anakaa miaka sita na msichana bila ndoa kwa sababu anaona aibu kuja madhabahuni bila magari kumi na hema la maua. Halafu anakopa, anafanya arusi ya picha, na wanaanza maisha wakiwa na deni ambalo familia zote mbili hazijui. Ndoa imeanza ndani ya picha ya uongo, na sisi tulikula pilau. Mchungaji, kwaya, kamati na wazee, tukubali kufungisha ndoa Jumapili baada ya ibada, kwa chai na mandazi, na tuishangilie kwa nguvu ile ile. Tukifanya hivyo mara tano, vijana watatuamini.

SWALI NI MLANGO

Mwisho, tazama Safira. Saa tatu zimepita, hajui yaliyotokea. Anaingia. Petro hamshtaki kama alivyomfanyia Anania. Anamuuliza: mliuza kwa kiasi hiki? Naamini swali hilo lilikuwa neema. Lilikuwa mlango umefunguliwa kabisa. Alihitaji neno moja tu, "Hapana." Angeweza kumwaibisha mume wake kidogo na kuokoa maisha yake. Akachagua kulinda mpango.

Mwenzako akikuuliza swali juu ya pesa, usilisikie kama shtaka. Huenda ni Mungu amekufungulia mlango. Na wewe unayeuliza, uliza kama mtu anayefungua mlango, si kama askari anayeweka kizuizi barabarani. Maana kuna nyumba ambazo mtu alijaribu kusema ukweli mara moja akatukanwa wiki mbili, mpaka mama mkwe akapigiwa simu. Siku hiyo ukweli ulijifunza kwamba pale si kwao. Waefeso 4:15 inatufundisha kushika kweli katika upendo. Anayesema anahitaji upendo, na anayesikia anahitaji zaidi.

Kwa hivyo kabla ya msimu wa kupanda, chukueni jioni moja. Watoto wakishalala, zimeni televisheni, wekeni simu zote mbili mezani. Semeni mambo manne: kinachoingia, kinachotoka, tunachodaiwa, na watu tuliowadhamini. Hili la nne msiliache, kwa maana ndilo linalotokea siku ya matanga, wakati mjane amekaa kwenye kiti cha plastiki na watu wageni wanakuja na karatasi. Mjane anazika mume mara mbili: yule aliyemjua, na yule aliyekuwa na madeni.

Jioni hiyo haitakuwa rahisi. Wengine mtagundua vitu. Ikiwa umegundua jambo zito, usilale na uamuzi. Lala na maombi, na asubuhi mtafuteni mtu wa tatu mnayemheshimu. Ofisi ya kanisa iko wazi Jumanne na Alhamisi. Hatutasoma jina la mtu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Je, kuna tofauti gani kati ya jambo ambalo mwenzangu hajui, na jambo ambalo mwenzangu anaamini kimakosa kwa sababu yangu?

2. Abigaili alingoja asubuhi. Tunajuaje kwamba tunangoja asubuhi, na si kwamba tumezoea usiku?

3. Ni desturi gani katika kanisa letu au kijiji chetu inayowasukuma watu waonekane wana zaidi ya walicho nacho?

Maombi

Baba, wewe unajua kila gunia na kila shilingi, nasi tunajua kwamba unajua. Tupe ujasiri wa kuonana kama unavyotuona. Walinde wanaoogopa kusema kwa sababu ya kipigo, uwape watu wa kusimama nao. Wape wanaosikia ukweli moyo wa rehema. Fanya nyumba zetu ziwe mahali ambapo neno "tupange" ni neno la kweli. Katika jina la Yesu, Amina.